Mama Makopo Anaondoka Kitengo cha Moto

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mkuu wa Kitengo cha Kuzuia na Kuchunguza Uchomaji wa Makusudi anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi. Cheo hicho kirefu ni cha kwenye barua. Sisi tunamwita Mama Makopo, naye huitika bila kununa. Wasifu huu nimeambiwa niuandike mimi, dereva wake, kwa kuwa kitengoni tumebaki wawili tu na haipendezi mtu ajiandikie sifa zake mwenyewe.

Alianza kama askari wa zimamoto wa kawaida, akikokota mipira ya maji pamoja na wanaume waliomcheka kwa ufupi wake. Kicheko kiliwaishia mapema. Moto ukizimwa, wenzake walirudi kituoni kunywa chai, yeye akabaki amechutama kwenye majivu akitafuta ulipoanzia. Kwa hiyo serikali ilipotenga fungu maalumu la kupambana na watu wanaochoma nyumba na maduka kwa makusudi, kitengo kikaundwa, na hakuna aliyeuliza nani akiongoze.

Jina la Makopo lilitokana na kazi. Penye shaka, huchukua kipande cha zulia au ubao ulioungua na kukifungia ndani ya kopo jipya la rangi, lile lenye mfuniko wa kubana, ili harufu ya petroli isitoroke kabla ya kufika maabara. Tulinunua makopo matupu mengi kiasi kwamba mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliamini mkubwa wetu anajenga ghorofa kimyakimya, akawa anamshauri rangi ya sebule. Mama alimsikiliza kwa heshima zote na kuahidi kwamba atalifikiria.

Amri yake kwa dereva ilikuwa moja. Gari lijazwe mafuta siku moja kabla, kamwe si njiani kuelekea kwenye tukio, maana tone la petroli kwenye kiatu linaweza kuingia ndani ya kopo na kumfunga mtu ambaye hajafanya lolote. Dereva aliyenitangulia alisahau mara moja, akakata kona kituo cha mafuta. Mama hakumgombeza. Alishuka, akabeba mkoba na makopo yake, akaenda kwa miguu juani, huku gari likimfuata polepole kama linalosindikiza bibi harusi. Yule bwana hakusahau tena, na mimi nilipoajiriwa alinisimulia hata kabla hajanikabidhi funguo.

Lakini uchunguzi ulikuwa nusu ya kazi, na kwake ilikuwa nusu ndogo. Nusu kubwa ilikuwa kufika kabla ya kiberiti. Namba ya simu ya kitengo tuliibandika kwenye milango ya mabweni, masoko na ofisi za mitaa, na yeyote aliyesikia mtu akitishia kuchoma alipiga. Watu wakidhani tutakuja na pingu, tulikuja na Mama. Aliwahi kukaa kutwa nzima na wake wenza wawili, mmoja ameapa kuwasha nyumba ya mwenzake. Hakuwahubiria. Aliomba maji, akavua viatu, akawauliza habari za watoto. Hadi jioni wale wanawake walikuwa upande mmoja wakimsema mume, na mume ndiye aliyetuomba lifti. Kazi ya namna hiyo ilitaka watu sita, gari, simu na subira, na fungu la serikali lililipia vyote isipokuwa hicho cha mwisho.

Ukafika mwaka ambao hakuna nyumba hata moja iliyochomwa kwa makusudi katika eneo letu. Ulipofika wakati wa kuandika ripoti, tulimzunguka mezani. Tulimsihi atie chumvi kidogo, aseme hatari imezidi, aseme tumenusurika, kwa sababu tunawajua wakubwa. Alikataa katakata. Alisema hawezi kuandika moto ambao haukuwaka, akaandika alichokiona. Wakubwa waliisoma, wakampa cheti chenye fremu ya dhahabu, wakampigia makofi ukumbini. Bajeti iliyofuata, fungu letu likahamishiwa kwingine kwa maelezo kwamba tatizo limekwisha. Wenzetu wanne wakahamishwa. Simu ikakatwa. Vibandiko vikabaki milangoni na namba yake.

Kilichofuata ni kigumu kukiandika katika karatasi ya sherehe, lakini Mama mwenyewe ameniambia nisikiruke.

Palikuwa na bweni la wasichana wanaojifunza ushonaji. Jengo liliachwa na marehemu mmoja, na wanawe wawili wakawa wanaligombania. Mdogo mtu alitamka mbele za watu kwamba kama halitakuwa lake, basi litakuwa la majivu. Matroni wa bweni alisikia. Alifanya kama alivyofundishwa, akaenda mlangoni, akaipiga namba ya kitengo. Haikuita. Aliipiga tena asubuhi yake. Siku chache baadaye jengo liliwashwa wasichana wakiwa wamelala mchana, baada ya mitihani. Wote walitoka isipokuwa mmoja, aliyelala chumba cha nyuma chenye nondo dirishani. Alikuwa mtoto wa mpishi wa shule ya jirani.

Kila Mama anapofika penye nyumba iliyoungua, hupiga hodi kwanza, hata kama mlango wenyewe haupo tena. Husubiri mwenye nyumba amwitikie ndipo akanyage ndani, maana kwa imani yake nyumba ya mtu haiachi kuwa nyumba ya mtu kwa kuungua. Siku hiyo alipiga hodi kwenye kile chumba cha nyuma. Akasubiri. Mwishowe yule matroni, amejifunika uso kwa khanga, akamwambia, “Karibu, mama. Pita tu.” Akapita.

Makopo yake yalimtambulisha aliyewasha, na yule mdogo mtu sasa yuko jela. Hilo halikumpa Mama raha hata kidogo. Alipungua mwili. Chai ikawa inapoa mbele yake. Aliacha kunitania kuhusu kitambi changu, na kwa wanaomjua, hiyo ni dalili mbaya kuliko homa. Kilichobaki moyoni mwake kilikuwa kitu kimoja tu, kwamba fungu lirudi kabla ya yeye kuondoka, ili simu iite na kuwe na mtu wa kuipokea. Vinginevyo tarehe 30 Juni kitengo kingefungwa pamoja na mlango wa ofisi yake.

Mwezi uliopita aliitwa mbele ya kamati ya bajeti. Mimi nilikaa nyuma na mkoba wake. Mjumbe mmoja, kwa upole kabisa, alimuuliza atathibitishaje kwamba mpango ule unazuia moto, ilhali moto uliozuiwa hauonekani wala hauhesabiki. Mama alikunywa maji aliyosogezewa na mwenyekiti. Kisha akasema ni kweli, miaka yote hakuwa na cha kuwaonyesha. Safari hii anacho, na anacho kimoja, na kilikuwa na miaka kumi na tisa na kilikuwa kinajua kukata gauni bila kupima. Fungu lilipitishwa siku hiyohiyo, na ni kubwa kuliko lile la zamani.

Nje watu walimpongeza, wengine wakimkumbatia. Alitoa mkono kwa kila mmoja, macho makavu, akaniambia twende kwa mpishi wa shule, asije akasikia habari hii redioni.

Tulimkuta nyuma ya jiko la shule akiosha masufuria. Alitupa vigoda, akajifuta mikono. Mama akamweleza taratibu, kwamba serikali imerudisha fedha, watu wataajiriwa, simu itafunguliwa. Yule mama mpishi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo moja. “Hizi hela zingekuwepo mwaka jana, mwanangu angekuwepo?”

Ningekuwa mimi, ningesema hayo ni mambo ya Mungu. Wengi wetu tungesema hivyo, na asingetulaumu. Mama Makopo alimtazama usoni akasema, “Ndiyo, dada yangu. Ningekwenda kukaa na wale ndugu wawili. Ndiyo.”

Yule mpishi aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Hakulia wala hakutukana. Alisema, “Angalau wewe umeniambia,” akarudi kwenye masufuria yake, na Mama akakunja mikono ya shati, akachukua dodoki, akasimama pembeni yake. Waliosha pamoja hadi yakaisha. Ndani ya gari alilia njia nzima, na mimi nikaendesha polepole.

Jumatatu ijayo vijana watano wapya wanaanza kazi rasmi. Amewafundisha yote aliyoweza kwa muda uliobaki, na la kwanza lilikuwa kwamba anayepokea simu ya kitengo haruhusiwi kusema subiri. Wanamwogopa kidogo. Watampenda baadaye, kama tulivyofanya sisi.

Bosi wetu, mama yetu, tunakushukuru. Wanao na wajukuu wako, waliokuzoea ukinuka moshi kwenye kila shughuli ya familia, sasa wakupate mzima, na kwa muda wanaoutaka. Upate usingizi. Chai yako uinywe ingali moto. Wapo watu wengi katika mji huu watakaolala leo katika nyumba zao, watagombana kuhusu shuka, wataamka na kwenda kazini, na hawatajua kamwe kwamba siku moja ulivua viatu ukakaa na jirani yao mpaka hasira ikamtoka. Hawawezi kuja kukuaga kwa sababu hawakujui. Basi sisi tunakuaga kwa niaba yao. Nenda salama, Mama.