Nusu Kichwa na Simu Zilizokwisha

Benchi letu liko mbele ya chumba cha kinyozi, na ng'ambo ya barabara kuna duka la simu. Benchi nimeligongomea misumari mimi mwenyewe, kwa hiyo nikisema sogea, watu husogea. Mimi ni fundi viatu, nashonea hapo hapo pembeni. Shangazi, mwenye birika la kahawa, anakaa upande wa pili. Katikati hukaa Breki, dereva wa lori ambaye lori lake liko gereji tangu tulipoanza kumwita jina hilo. Wakili, ambaye sheria zote anazozijua alizipata akifagia mahakamani. Na Chaji, mwenye kibanda cha kuchajia simu za watu. Asubuhi hiyo tulikuwa na mtu wa ziada. Fundi rangi, kijana mtanashati, kajifunika kitambaa cha kinyozi mpaka magotini, na kichwa chake kimenyolewa upande mmoja tu. Wa kushoto uling'aa. Wa kulia ulikuwa msitu.

Ilivyotokea ni hivi. Kijana alikuwa kitini ananyolewa, shati jipya kalitundika kwenye msumari lisiingie nywele, na simu yake imo mfukoni mwa shati. Mara nje zikapigwa kelele: "Zimefika! Simu mpya zimefika!" Kinyozi akatoka kuchungulia, kijana naye akatoka nyuma yake. Sasa, kinyozi wetu ana ugonjwa wa kufuli. Akivuka kizingiti tu mkono unafunga wenyewe, hata kama anakwenda kumwaga maji. Akafunga, akatia ufunguo mfukoni, akasema "narudi sasa hivi", akazama kwenye foleni iliyokwisha kuzunguka kona. Shangazi hajamaliza birika la kwanza, mlinzi wa duka akatoka akabandika karatasi mlangoni: ZIMEKWISHA. Ungedhani watu watatawanyika. Foleni ikazidi kurefuka, na kinyozi hakurudi.

Kijana: Jamani, mimi saa nane natakiwa ukweni.

Shangazi: Leo leo?

Kijana: Leo leo. Naenda kujitambulisha kwa wazazi wake. Na baba yake nasikia ni mkali. Mchumba wa dada mtu alimkataa kwa ajili ya kola chafu.

Breki: Kola? Hilo lako si suala la kola, mwanangu. Hilo ni paa limeezuliwa.

Tulicheka. Yeye hakucheka. Nilimwonea huruma, ila kicheko kikishatoka hakirudi tumboni. Tangu hapo tukamwita Bwana Harusi.

Mimi: Si umfuate huko huko kwenye foleni?

Bwana Harusi: Hivi? Mbele ya watu wote wale, bila shati, kichwa hiki? Na tukipishana njiani je?

Wakili: Kaa utulie. Wahenga walisema, nyumba njema si mlango.

Bwana Harusi: Maana yake nini hapa?

Wakili: Maana yake mlango umefungwa, lakini nyumba bado njema. Shati lako liko salama.

Bwana Harusi akakaa. Shangazi akamtilia kahawa, akaipokea kwa mkono uliochomoza chini ya kitambaa.

Breki: Mimi nitawaambia kitu. Zile simu hazikufika.

Chaji: Watu wanasema zimekwisha, wewe unasema hazikufika?

Breki: Nimeshusha mizigo maisha yangu yote. Mzigo naujua kwa kutazama mgongo wa anayebeba. Jana maboksi yaliposhushwa pale, kijana mmoja alibeba manne kwa mkono mmoja, mkono mwingine anajikuna. Ukiona vyaelea, ndani vitupu!

Wakili: Methali haisemi hivyo. Inasema vimeundwa.

Breki: Vimeundwa vitupu. Ndiyo maana vinaelea.

Shangazi: Sasa wameuza nini?

Breki: Maboksi! Mtu ananunua boksi, anapiga picha na boksi, anarudi kwake. Nani atasimama mbele za watu aseme amenunua hewa?

Hoja ilikuwa ya kipuuzi, lakini hakuna aliyeweza kuiangusha. Tukanywa kahawa kwanza.

Bwana Harusi: Lakini kinyozi atarudi, si ndiyo?

Wakili: Subiri, kesi haijasikilizwa upande wa pili. Boksi lina simu, sikatai. Kisichokuwa cha kweli ni foleni.

Chaji: Foleni ile pale naiona kwa macho yangu!

Wakili: Unaona watu wamesimama. Ushahidi kwamba wanataka kununua uko wapi? Wale ni wa kukodi. Duka linawapa chochote wasimame. Wewe ukipita unaona watu, roho inakuruka, nawe unasimama. Yule mwenye kofia nyekundu mmemwona? Juzi nilimkuta msibani analia kuliko mjane. Nikamuuliza, marehemu ni nani wako? Akaniuliza, marehemu yupi?

Breki: Lo!

Chaji: Na kinyozi naye kakodiwa?

Wakili: Kinyozi kanaswa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na kisichojulikana kinapangiwa foleni.

Shangazi: Hiyo ya mwisho umeiongeza wewe.

Wakili: Sheria hurekebishwa, Shangazi.

Chaji alikuwa anatikisa kichwa muda wote huo, kwa huruma kabisa, kama mtu anayesikiliza watoto wakieleza mvua inatoka wapi.

Chaji: Wote mmepotea. Mimi simu za mtaa mzima zimo kibandani kwangu, nimezipanga rafuni. Moja ikipigiwa, rafu nzima inatikisika. Mnadhani zinatikisikia nini?

Mimi: Rafu yako imelegea.

Chaji: Zinapeana habari! Simu mpya haikuuzwa na duka. Imeuzwa na simu za zamani. Zimetuchoka. Tunaziangusha, tunazikalia, tunaziingiza chooni. Zinataka kupumzika, kwa hiyo zinatusukuma tukanunue nyingine. Niambieni ukweli: nani hapa betri yake haijaleta kiburi wiki hii?

Hapo tulishtuka, maana ilikuwa kweli. Breki alitoa yake mfukoni akaitazama kwa jicho la mtu aliyemkuta shemeji jikoni anafunua sufuria. Wakili akailaza yake kifudifudi mapajani isisikie. Mimi nikaishika yangu mkononi, ili nijue inafanya nini.

Shangazi: Yangu ilizimika juzi naongea na mwanangu.

Chaji: Umeona? Ilikuwa inakuaga. Kikulacho ki nguoni mwako.

Shangazi: Yangu naiweka kwenye kapu la vikombe.

Chaji: Basi kiko kapuni mwako.

Nilitegemea Bwana Harusi aanze kulia. Badala yake aliweka kikombe chini na kusimama, kitambaa kimejaa upepo.

Bwana Harusi: Hapana! Ngojeni niwaambie! Ile simu mpya inafunguliwa kwa nini?

Chaji: Kwa uso. Unaitazama, inafunguka.

Bwana Harusi: Kwa uso! Na uso wa mtu unatengenezwa na nani?

Shangazi: Na Mungu.

Bwana Harusi: Na baada ya Mungu?

Sote tukageuka kuutazama mlango wa kinyozi.

Bwana Harusi: Kinyozi! Kinyozi akikunyoa vingine, simu inakukana. Inasema huyu simjui. Kwa hiyo wenye kiwanda hawawezi kulala mpaka wawe na vinyozi wote mkononi. Kuna kinyozi yeyote mtaani aliyefungua leo?

Breki: Yule wa karibu na gereji kafunga.

Mimi: Na wa sokoni nimepita, kafunga.

Bwana Harusi: Wamekusanywa kule wafundishwe kunyoa mtindo mmoja! Dunia nzima kichwa kimoja! Na mimi hapa ndiye mtu wa mwisho kunyolewa kwa mtindo wa zamani.

Breki: Nusu.

Bwana Harusi: Nusu, lakini wa zamani!

Wakili: Hiyo naipeleka mahakamani bila kubadili neno.

Shangazi: Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Wakili: Inahusiana nini na vinyozi?

Shangazi: Sijui. Naona kila mtu anatoa yake.

Basi ubishi ukawaka. Breki aliuliza kama wenye vipara watauziwa simu au la. Chaji akasema kipara kitafungua simu za vipara wote, ni hatari. Bwana Harusi alichuchumaa anachora kwa kidole vumbini, vinyozi huku, kiwanda kule, akifuta na kuchora upya kila Wakili alipompinga. Kila mtu kashika simu yake mkononi, anaielekeza kwa mwenzake anapotaka kusisitiza. Mimi nilikuja kugundua nimeshonea soli ya kulia kwenye kiatu cha kushoto. Jua lilikuwa limesogea, na habari za ukweni tulikuwa tumezisahau sote. Hata mwenyewe alikuwa amezisahau.

Ndipo akatokea dada mmoja, koti jeupe la duka la dawa bado mwilini, pochi begani. Akasimama juu ya ile ramani ya vumbini. Bwana Harusi alianza kuona viatu, akainua macho taratibu, akarudi benchini na kuvuta kitambaa mpaka kidevuni. Hatukuhitaji kuambiwa ni nani.

Dada: Nakupigia tangu asubuhi, hupokei.

Bwana Harusi: Simu imo kwenye shati. Shati limo ndani. Ndani kumefungwa.

Dada: Na kichwa?

Bwana Harusi: Kinyozi kaenda foleni ya simu.

Hakufoka. Ingekuwa afadhali angefoka. Alitazama upande ulionyolewa, akazunguka akatazama ule mwingine, akarudi mbele. Kile kiburi chote cha viwanda na vinyozi kilikuwa kimemwisha kijana.

Bwana Harusi: Nisamehe. Najua baba atasema nini. Ukitaka nisije, nitaelewa.

Alitugeukia sisi.

Dada: Shikamooni.

Sisi: Marahaba, mwanangu.

Dada: Samahani wazee wangu, hivyo mlivyoshika mkononi ni nini?

Tukatazama mikono yetu.

Chaji: Simu.

Dada: Namba ya kinyozi mnayo?

Mimi: Tunayo sana. Ni jirani yetu.

Dada: Nani kampigia?

Wakili alikohoa. Breki alianza kukagua kamba za viatu vyake, na alikuwa amevaa ndala. Shangazi akafunika birika. Mimi niliona aibu, tena ile aibu ya mtu mzima inayopanda polepole kutoka shingoni. Asubuhi nzima tumewapa simu akili, hila na ndugu, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba simu hupigwa.

Kisha tukapiga wote kwa mpigo.

Breki: Inatumika!

Chaji: Hata kwangu, inatumika!

Wakili: Mnaona? Wamemteka laini!

Shangazi: Si ninyi wenyewe? Mnampigia wote kwa wakati mmoja!

Yangu ilikuwa inaita. Breki alinipokonya ajue kwa nini yangu inaita na yake haiiti, ikakatika. Tukakata zote, kila mtu akimpisha mwenzake kwa adabu. Hakuna aliyepiga. Tukaona ukimya umezidi, tukapiga tena wote. Inatumika.

Dada: Wekeni chini. Zote.

Tukaziweka benchini. Dada akatoa pochini kitochi chake, kisimu cha vibonyezo, kimefungwa mpira ili mfuniko usidondoke. Nikamtajia namba, akabonyeza. Kinyozi alipopokea, kelele za foleni zilitufikia hata sisi.

Dada: Halo, kaka kinyozi? ... Hapana, hunijui. ... Simu zimekwisha, kaka, karatasi naiona hapa nilipo. ... Nani kakwambia kuna mzigo wa pili? ... Wa mbele yako. Na yeye kaambiwa na nani? ... Haya. Sasa sikiliza. Niko mlangoni kwako na kichwa ulichokiacha nusu. Njoo mbio.

Akakata. Hakukaa, wala hakumtazama Bwana Harusi. Yule kijana alikuwa anakunja ncha ya kitambaa na kuikunjua.

Kinyozi akachomoza kwenye kona anakimbia, ufunguo kaushika juu. Tungefurahi, kama nyuma yake hatungeiona foleni. Mwenye kofia nyekundu alikuwa amemwona mtu mmoja anapokea simu, anaacha nafasi yake na kutimua mbio na ufunguo mkononi, akafanya hesabu zake. Akamfuata. Wa nyuma yake akamfuata yeye. Foleni nzima ikaja inatimka mpaka kwenye benchi letu, vumbi juu, wanasukumana, wanaulizana kama mzigo umeletwa huku. Shangazi alikumbatia birika. Kinyozi akafungua kufuli, na watu wakaanza kumsukuma mlangoni.

Mwenye kofia nyekundu: Nani wa kwanza hapa? Nani wa kwanza?

Dada akapita katikati yao, koti lake jeupe likiwafanya watu wapishe bila kujua kwa nini. Akamshika Bwana Harusi mkono, akamsimamisha kizingitini na kichwa chake cha nusu mbele ya umati ule wote, akageuka.

Dada: Huyu. Wengine pangeni mstari, tena nyuma ya mume wangu.

Bwana Harusi alifuta macho kwa kitambaa cha kinyozi, nywele zikambandika mashavuni, akaingia ndani kukaa kitini.