Vichwa Vitatu Katika Kikapu cha Mkwe

Pale Mtendeni, Tabora, mbele ya duka la Nurdini fundi cherehani, kuna benchi lenye miguu mitatu na tofali moja. Tofali ndilo mwanachama bora kuliko sisi wote: halichelewi na halibishi. Sisi tunabisha. Nurdini tunamwita Sindano, maana hupenya katika kila jambo hata lisilo na tundu. Modest, fundi baiskeli, alisoma kidogo seminari ya Kipalapala kisha akaona ni heri aoe; huyo ni Padre Nusu. Adinani ndiye Mtaalamu. Kila Jumapili hushika njia ya porini na simu yake, akipiga picha majani, ndege na wadudu, na akirudi hutufundisha majina. Kusema kweli anajua. Ndiye aliyetutoa ujinga kuhusu yule ndege wa kwenye nyaya tuliyemsingizia uchawi, kumbe anawinda panzi wake. Lakini pia ndiye aliyetukimbiza hadi nyuma ya gereji tukamwone kakakuona aliyejikunja, tukakuta tairi.

Siku hiyo mvua ilikuwa imekatika asubuhi, na kahawa ikachelewa. Mwanajuma muuza kahawa, tunayemwita Mama Najiat, alikuwa amepakata kikapu cha uyoga kama mtu aliyepakata mtoto wa jirani asiyemwamini. Binti yake Najiat ameolewa Lusu, huko Nzega. Mama mkwe wa binti, Bi Maua, alikuwa amemtumia uyoga kwa gari la alfajiri, na jioni angekuja mwenyewe waule pamoja. Uyoga wote Mama Najiat aliutambua, isipokuwa vichwa vitatu. Vilikuwa vyeupe, vina pete shingoni, na mguu umekaa kwenye kikombe.

Nikamwambia avitoe tu, mambo yaishe. Akanitazama kwa huruma.

— Zawadi ya mkwe haichaguliwi, shemeji. Ukitoa kimoja, umemkataa yeye.

— Basi mpigie umuulize.

— Nimuulize nini? Aseme mwanawe kaoa kwa watu wa mjini wasiojua hata uyoga? Simu nimeizima kabisa, asije akauliza nimeupendaje.

Akakiweka kikapu katikati ya benchi. Vile vitatu akavilaza pembeni juu ya jani la mgomba. Sote tukainama.

Sindano akawa wa kwanza. Akatueleza kwamba uyoga huo ni mgeni, ulifika na misafara ya zamani, mbegu zake zikiwa zimenata kwenye nyayo za wapagazi kutoka Ujiji. Na kwa kuwa wapagazi walifika wazima, uyoga hauna neno.

— Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako — akamalizia. — Huu hauna nguo.

— Una pete — nikamwambia.

— Pete si nguo.

Padre Nusu akaona konokono ameshatafuna ukingo wa kichwa kimoja. Kwake hiyo ilikuwa hati ya usalama.

— Konokono hana mkwe — Mama Najiat akajibu.

Sindano akachomoa sindano kwenye kola yake, akataka kuidunga shingo ya uyoga. Ikitoka nyeusi ni sumu, ikitoka nyeupe ni kitoweo. Padre Nusu akasema chuma cha cherehani hakina elimu hiyo, labda spoku ya baiskeli. Wakagombana kuhusu chuma mpaka uyoga ukasahaulika. Padre alipoukumbuka, akaja na shauri la kupika vyote na kula kijiko kimoja kila baada ya swala, kwani haba na haba hujaza kibaba. Nikamuuliza kibaba hicho ni cha mboga au cha udongo wa kaburi. Nilicheka peke yangu.

Adinani alikuwa bado hajasema. Alipiga picha juu, ubavuni na chini, akasubiri simu ifikirie. Nilimwona akiukunja uso. Simu ilimletea uyoga wa Ulaya, umeota kando ya theluji.

— Nipike au nisipike? — Mama Najiat akamuuliza. — Niambie wewe, kaka yangu. Hawa nimeshawasikia.

— Inasema unaliwa. Asilimia sitini.

— Na ile arobaini nimpakulie nani?

Jioni ilikuwa bado mbali, lakini bodaboda ilisimama pale pale mbele yetu, akashuka mama mwembamba mwenye kitenge kilichotapakaa matope. Mama Najiat akainuka kama aliyekalia kaa la moto.

— Shikamoo mkwe — akasema, akipiga goti nusu.

— Marahaba, mkwe wangu. Umeshabandika sufuria?

— Bado.

Bi Maua akashusha pumzi. Sote tukampa shikamoo, akazipokea bila kututazama. Macho yake yalikuwa kwenye jani la mgomba, juu ya vile vichwa vitatu vilivyotengwa. Mama Najiat akainamisha kichwa. Nilimwonea huruma, nikatafuta mzaha wa kumwokoa, nikakosa. Ni nadra kwangu.

Bi Maua akatugeukia.

— Nani kati yenu ameshaula huu?

Sindano akarudisha sindano kwenye kola. Padre Nusu akazungusha kikombe kitupu. Hata mimi nilitazama tofali.

— Na wewe mwenye simu?

— Siujui, mama — Adinani akasema. — Unafanana na unaoliwa. Unafanana pia na unaoua. Mimi siujui.

Tangu nilipolifahamu benchi lile, neno hilo sikuwahi kulisikia juu yake. Bi Maua akamsukuma Sindano kwa nyonga, akakaa.

— Na mimi siujui — akasema.

Ikabidi aeleze. Magoti hayampeleki tena porini. Wale wanawake aliokuwa akichuma nao wengine wamekufa, wengine wanalea wajukuu mijini. Uyoga ule aliununua barabarani kwa mtu aliyemwambia ni mtamu tu.

— Mkwe wa Lusu kanunua uyoga barabarani. Ningekwambiaje? Gari limeshaondoka, naosha wangu niliobakiza, nakuta mmoja una kikombe mguuni. Nimepiga simu, nimepiga simu, haipatikani.

Mama Najiat akaitoa simu kwenye pindo la kanga, akaitazama ilivyo nyeusi. Bi Maua akamshika mikono yote miwili.

Padre Nusu akajitolea kuvifukia vile vitatu.

— Vyote — Bi Maua akasema, akimpa kikapu kizima. — Vimelala pamoja, na zawadi ya mkwe haichaguliwi.

Adinani akamfuata na jembe. Hakupiga picha nyingine.

— Nyumbani kuna dagaa — Mama Najiat akasema kwa sauti ndogo.

— Hao nawajua.

Hapo Sindano akakohoa, akaanza kutueleza jinsi dagaa wa kwanza walivyofika Tabora kwa miguu. Mama Najiat akafunga birika, akasema kahawa imekwisha. Mvuke ulikuwa bado unatoka mdomoni mwa birika.