Kesho Hakuna Kahawa

Benchi letu liko kati ya kibanda changu cha kushona viatu na gereji ya Spana. Mguu wake mmoja ni mfupi, kwa hiyo anayekaa upande ule hukanyaga chini kwa nguvu kila akitaka kubishana. Kahawa anatupikia Mama Birika, mke wa Spana, kwenye jiko la mkaa hapo hapo mlangoni. Juzi asubuhi alitumiminia raundi ya kwanza, akafunika birika, akasema kesho hakuna kahawa, anakwenda hospitali kupimwa matiti. Dada yake mkubwa alingoja mpaka uvimbe ukamuuma, na sisi ndio tuliobeba jeneza.

— Kwani unaumwa? Spana akamuuliza.

— Siumwi.

— Basi unafuata nini huko? Mtu mzima hajitafutii ugonjwa. Huendi.

Wembe, kinyozi wetu anayejiona nusu daktari, akadakia. Kwa maelezo yake, ile mashine ya kupiga picha za matiti ndiyo inayouamsha ugonjwa uliolala, kama mbwa aliyekanyagwa mkia. Redio, mlinzi wa ghala la jirani, hakukubali kupitwa. Akasema kosa ni la simu, kina mama wanazichomeka kifuani zinawachemsha. Nikamuuliza yeye anayeitia yake kwenye mfuko wa suruali, mbona watoto wamejaa nyumba nzima? Akanikazia macho.

— Tena shemeji ndiye wa mwisho kuugua, Wembe akaendelea. Moshi wa kahawa unamfukiza kifua kila siku. Ugonjwa utapita wapi?

— Nyamaza wewe, nikamwambia. Ukimkata mtu sikio unasema alikuja na upele.

Nilikuwa nimeshapandisha hasira. Simvumilii mtu anayemjadili mwenye kahawa huku kikombe chake kiko mkononi. Lakini Mama Birika hakuwa na haja ya wakili. Alikuwa anapuliza mkaa, anamtazama mumewe tu.

Hapo likaingia gari jeupe, akashuka mama mmoja wa makamo, mteja wa Spana. Spana akamkaribisha, akauliza gari lina nini.

— Halina kitu. Uliniambia nirudi leo, nimerudi.

Akagonga kioo cha mbele, penye kile kipande cha utepe mweupe. Ndiyo desturi ya Spana: gari halitoki gerejini kwake bila utepe alioandika kwa mkono wake tarehe ya kurudi.

— Safi sana, dada, Spana akasema, kifua mbele. Wenzako wanangoja mpaka lilie. Likishalia, injini imekwenda.

Wembe akakohoa. Mama Birika akaacha kupuliza mkaa.

Yule mama akaomba kahawa, akauliza tunagombania nini. Redio akamweleza yote, pamoja na simu zake. Hakucheka. Akapuliza kikombe, akanywa funda moja.

— Mimi uvimbe wangu ulionekana kwenye picha kabla haujaniuma, kabla hata mkono haujaugusa, akasema. Ulikuwa mdogo. Ukatolewa, nikatibiwa, na huu mwaka wa sita naendesha gari langu mwenyewe. Bado naenda kila wakiniambia nirudi.

Kisha akamgeukia Spana, taratibu kabisa.

— Fundi, na mkeo je? Utepe wake unasema arudi lini?

Wembe akachungulia kikombe chake.

Mama Birika akaja kutuongezea. Likadondoka tone moja na machicha. Akaliweka birika chini, tupu.

Spana akajifuta mikono kwa kitambaa, muda mrefu kuliko ilivyohitaji grisi yenyewe. Akakata kipande cha utepe, akakiegemeza kwenye boneti ya lile gari jeupe, akaandika. Akakibandika kwenye tumbo la birika. Nikasogea nikasoma: KESHO HAKUNA KAHAWA. TUMEKWENDA KUPIMA.

Mama Birika akausoma, akarudia tena.

— Hujaandika tarehe ya kurudi, baba.

— Hiyo atatupa daktari, Spana akasema. Kazi yangu kuibandika.