Turubai la Ngusa

Kijiwe cha Isaka, kando ya reli, kinatazamana na yadi ya malori: mabenchi mawili, birika la Onesmo muuza kahawa katikati, na jambo lisilojulikana hapo basi bado halijazaliwa. Ngusa, ambaye wenzake walimbatiza Kivuli, alikaa pale anapoweza kuiona gari yake, Corona nyeupe, imefunikwa turubai gubigubi. Jumamosi ingempeleka binti yake, Noela, kanisani kufunga ndoa. Tangu kiangazi kianze aliikinga na jua, na kila adhuhuri akalimwagia turubai ndoo mbili za maji ili bati lisiungue. Isaka nzima hakuna mtoto aliyelelewa hivyo. Leo alifunua akakuta boneti imeota malengelenge ya kutu, akaifunika tena.

Alipowasimulia wenzake, majibu yalifika kabla hajamaliza.

— Hilo jua hilo, alisema Masele, mchimbaji aliyerudi kutoka Geita bila dhahabu ila na maneno tele. Linapika rangi.

— Mbona nimelifunika gari?

— Maji ya moto hayachomi nyumba, Kivuli.

Ngusa alitafuta hayo maji ya moto yanaingiaje hapo, hakuona.

Donatus, aliyeitwa Profesa kwa kuwa aliwahi kuosha magari mgodini, alidai jua linasingiziwa. Kwanza alilaumu vumbi, kisha akahamia kwenye reli.

— Reli ina sumaku. Inavuta kutu ya mabehewa, inawagawia majirani kama upele.

— Na baiskeli ya Onesmo? aliuliza Ngusa. Inalala hapo hapo relini, haina hata doa.

— Baiskeli haina injini. Kutu inafuata joto. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nguo ya gari ni rangi. Ivue yote.

— Kwa hiyo Noela apande gari lililo uchi?

Walicheka mpaka Onesmo akamwaga kahawa. Ngusa naye alicheka, ila kicheko kilimuuma, maana alimwahidi Noela gari linalong'aa. Masele akaja na jipya: juzi mkwe mtarajiwa alilitazama gari asilisifu, basi kijicho hicho. Profesa akaongezea kwamba kijicho nacho kinapitia relini.

Wakiwa hapo, akapita Scolastika, mama kutoka Kishapu, akiswaga ng'ombe watatu kwenda mnadani. Hakuwajua, aliwasalimu tu, wakaitikia. Ng'ombe walikuwa wameacha njia na kulizunguka gari.

— Samahani, baba zangu. Kwa nini ng'ombe wangu wanalilamba hilo turubai?

 

Ngusa akainuka. Alipitisha kidole kwenye kona ya turubai iliyolowa, akakilamba. Ndipo alipomkumbuka dereva wa lori aliyempa turubai lile bure, akisema limechoka kufunika chumvi ya Uvinza.

— Mwezi mzima, alisema taratibu. Mwezi mzima nimeliloweka gari la mwanangu kwenye chumvi kwa mikono yangu.

Akalivuta turubai chini, akawaachia ng'ombe. Akachota ndoo, akaanza kuisuuza boneti. Masele akafuata na ya pili. Profesa alifungua mdomo kutafuta methali, akaikosa, akaenda kuchota maji.