Gitaa la Nyuzi Kumi na Mbili na Aliyelivunja

Sogeeni, wanangu, sogeeni mpaka magoti yenu yaguse kitanda, maana sauti niliyobakiwa nayo ni ya chumba kimoja tu, sina nyingine ya kuwafuata huko mlangoni. Wewe mwalimu, mwanangu wa kwanza, funga hilo dirisha, malori ya barabarani yananishinda nguvu. Wewe kitinda mimba, weka simu chini, hakuna atakayekufa kabla yangu leo. Shemeji, mdogo wa baba yao, kaa kwenye kiti chenye mgongo, wewe ndiye shahidi. Na wewe fundi, mwanangu wa kati, uliyekuja na viatu vyako vya kuchomelea vyuma na bado umesimama kama mgeni aliyekosea nyumba, ukitaka kusimama simama, lakini usitoke mpaka nimemaliza, nakuomba.

Nimechoka. Sisemi hivyo ili mnihurumie, nasema ili mjue kwamba neno sitalirudia.

Ya mali ni machache. Nyumba hii ni yenu nyote watatu, wala asitokee mjanja wa kuuza chumba chake peke yake, kwani paa ni moja. Cherehani ni ya mwalimu, ingawa hata kifungo hajui kushona; atajifunza. Vitanda na vyombo ni vya kitinda mimba, aliyenifulia na kunigeuza hapa kitandani bila kununa, na kama alinuna, alinunia jikoni nisimwone. Limebaki gitaa, mnalonong'ona habari zake huko sebuleni mkidhani masikio yangu yamekwisha kufa. Masikio ndiyo yatakayokufa mwisho, wanangu. Nimesikia mmoja anataka kulitundika ukutani, na mwingine anataka kung'oa nyuzi sita zibaki sita, liwe kama gitaa la kila mtu, eti ndiyo liwe rahisi. Loo! Rahisi!

Mara ya kwanza kulisikia nilikuwa binti, nashona sare kwenye karakana iliyopakana na ukumbi wa mazoezi wa bendi ya baba yenu, nikawaambia wenzangu, leo wamepata wapiga gitaa wawili. Nilipochungulia nikamkuta mzee mmoja mwenye kikohozi, peke yake. Kila uzi ulikuwa na mwenzake, jozi nyingine mnene na mwembamba, nyingine sawa kwa sawa kama pacha, ukibonyeza unabonyeza wawili, na sauti inatoka na nyingine imeishika mkono. Nikaingiwa na wazimu pale pale. Kifua kilipomzidi yule mzee nikaliomba gitaa, na bendi nzima ikaangua kicheko, mwanamke, tena mwenye vidole vya kushikia sindano. Baba yenu peke yake hakucheka, na ndiyo sababu mkazaliwa.

Wala sitawadanganya, lilikuwa mateso. Miezi ya mwanzo ncha za vidole zilinipasuka nikawa natia damu kwenye kola za wateja. Kulipatanisha nako! Watu wangeagiza chai, wakainywa, wakaimaliza, mimi bado nimeinamisha kichwa nakaza uzi wa saba, na nikifika wa kumi na mbili, ule wa kwanza umekwisha legea. Baba yenu akawa anasema kwenye kipaza sauti, "Tuvumilieni jamani, mke wangu anasuluhisha ndoa sita." Watu hoi kwa kucheka. Lakini zikishapatana zote, wanangu, ukiteremsha mkono mara moja tu, uchovu wa juma zima unakutoka mabegani.

Na aliyekuwa na sikio kunishinda ni wewe, fundi. Ulikuwa unafua nguo zako uani, mimi niko chumbani, unapaza sauti, "Mama, jozi ya tatu hiyo!" Nikiangalia, kweli, imeteleza kiasi cha unywele. Baba yako alikuwa akisema bendi hii ataiacha mikononi mwako. Hilo wenzako hawalijui, mmoja alikuwa mdogo, mwingine alikuwa shuleni.

Sasa sikilizeni ninachokufa nacho. Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama, lakini leo najivua mwenyewe, na nguvu za kuchutama sina.

Yule mzee wa kikohozi aliniusia jambo moja. Nyuzi kumi na mbili zikivuta pamoja zina nguvu za kung'oa mlango, kwa hiyo usilikaze mpaka sauti ya magitaa mengine. Liache chini kidogo, ukihitaji kupanda, funga kibano shingoni mwa gitaa, kibane nyuzi zote zipande sauti bila kukazwa, na ukimaliza kupiga, legeza nyuzi kabla ya kulilaza. Nilishika amri hiyo miaka mingi. Kisha tukaitwa kurekodi redioni. Shemeji, unakumbuka, kodiani yako haikuweza kushuka kunifuata, ukaniambia, "Shemeji, weka kibano, yaishe." Ulikuwa sahihi. Lakini wiki ile mpiga gitaa wa bendi nyingine alikuwa amenicheka mbele za watu, akakiita kibano changu mkongojo wa bibi, na maneno yale yalinikaa rohoni kama mwiba wa samaki. Nikakataa. Nikakaza nyuzi zote kumi na mbili kwa mkono wangu mpaka juu kabisa, na likalia, jamani, likalia siku ile kuliko siku zote. Nikarudi nyumbani nimelewa sifa, nikalilaza kwenye sanduku lake bila kulegeza hata uzi mmoja, nikaliweka stoo chini ya mabati, kiangazi, siku tatu.

Siku ya tatu mchana nilikuwa narudi kutoka karakana. Nikakukuta wewe, fundi, stoo umepiga magoti, sanduku liko wazi, na kile kibao kinachoshikilia nyuzi tumboni mwa gitaa kimebanduka na kipande cha ubao wake, nyuzi zimejikunja kila upande. Ulisema umesikia mshindo ukakimbilia kuona. Baba yako akaingia, na baba yako mdogo huyu hapa nyuma yake, akauliza nani amefanya hivi. Ukasema, "Nimelikuta hivi, baba." Umri wako miaka kumi na sita. Kisha ukanitazama mimi.

Mimi nilikuwa nimekwisha jua. Ni mimi niliyelikaza, hakuna mkono mwingine ulioligusa. Nikafikiri, nikisema, bendi itacheka tena, watasema tuliwaambia, vidole vya sindano. Nikanyamaza. Sikutamka uongo hata neno moja, na huo ndio uongo mbaya kuliko wote nilioutenda duniani. Baba yako akakuita mwongo. Shemeji, wewe ukaongeza kwamba mwongo wa leo ni mwizi wa kesho. Mwanangu akafunga nguo zake kabla juma halijaisha, akaenda kujifunza kuchomelea vyuma, na kwa miaka thelathini na miwili hajagusa chombo chochote chenye uzi.

Seremala alilitengeneza, nami nikaendelea kulipiga, na watu wakanipigia makofi, na makofi yote nikayala kama chakula cha wizi. Niliapa nitasema kesho. Kesho yangu ilikuwa ndefu, wanangu. Hata baba yenu alipolala kwenye kitanda hiki hiki alikuwa akiniambia, "Yule kijana angekiri tu, ningemsamehe siku ile ile." Nami nikampa maji, nikamfunika. Akazikwa na jambo hilo. Majuto ni mjukuu, lakini huyu wangu amekuwa mtu mzima kabisa, amenizidi kimo.

Kwa hiyo mwalimu, na wewe kitinda mimba, mkisikia popote kwamba kaka yenu alilivunja gitaa la mama, hata kama ni kwa utani wa harusini, simameni mseme, mama alilivunja mwenyewe kwa kiburi. Shemeji, yale maneno uliyoyasema stoo, yafute hapa hapa kabla hujanyanyuka kwenye hicho kiti. Usiniangalie mimi, mwangalie yeye.

Gitaa ni lako, fundi. Sikupi kama fidia, halitoshi hata kidogo, na mimi si mjinga wa kudhani linatosha. Lipige, ligawe, lifanye kuni, asikuulize mtu. Ukilipiga, vidole vitauma, utalia machozi kama sisi wote, na ukimaliza uwe unazilegeza nyuzi... Lo. Pumzi. Ngojeni.

Nipeni maji kidogo. Basi, yatosha.

Msamaha sikudai. Nauomba tu, na ukikataa una haki, nitakwenda nao upungufu huo. Usifute macho kwa huo mkono wenye masizi, mwanangu, njoo... njoo huku. Ah. Mikono yako imekuwa migumu hivi. Nani aliyekupa mikono migumu hivi.

Msinizike kwa makelele. Mwalimu, usimkemee mdogo wako, amechoka. Msile bila kuitana. Mungu awalinde nyote watatu, kazi za mikono yenu zisimame, watoto wenu wawaamini nanyi muwaamini... muwaamini kwanza, ndipo muulize.

Sasa niacheni nilale. Fundi, usiuachie mkono. Kwa baba yako usijali... nakwenda kumwambia mimi. Hata salamu sitaanza nayo. Nitamwambia, yule mtoto alisema kweli.