Historia ya Mama Inuka, Mwanzilishi wa Kikundi cha Magoti

Ndugu waombolezaji, bibi yetu mpendwa, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Inuka, alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1946, saa kumi na moja alfajiri, akiwa mtoto wa pili wa mwashi na mkewe, na saa hiyo nimeihakikisha kwa dada yake mkubwa, anayesema kwamba tangu mtoto yule afungue mdomo hakuna aliyelala tena nyumbani humo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1954 hadi 1961, baadaye akasomea uhudumu wa afya kwa miaka miwili, na mwaka 1966 akaajiriwa katika zahanati ya kijiji hiki, alikofanya kazi miaka arobaini, akipima watoto uzito, akifunga vidonda, na kumwambia kila mgonjwa, hata aliyevunjika mguu, "Inuka, usiizoeze mifupa uvivu," na hapo ndipo alipolipata jina lake.

Siku ya Jumamosi, tarehe 9 Agosti 1969, alifunga ndoa na seremala, babu yetu aliyepo hapa mbele, wakajaliwa watoto wanne, kitukuu mmoja, na wajukuu kumi na mmoja, ambao mimi ninayewasomea ni wa tatu kati yao. Babu ameniomba niseme kwamba hawakuwahi kugombana isipokuwa juu ya chumvi, kwa sababu marehemu aliipunguza kwenye mchuzi bila kumwarifu mtu, naye babu akawa anaificha ya kwake kwenye boksi la misumari.

Alipostaafu mwaka 2006, aliwaona wazee wenzake wakijifungia ndani, magoti yanakaza, presha inapanda, na wa kuzungumza nao ni redio tu, jambo lililomkosesha raha, hata mwaka 2016 akawakusanya katika ghala tupu la ushirika, wakawa wananyoosha viungo kila Jumatatu na Ijumaa asubuhi. Kijiji kilicheka, kikawaita Kikundi cha Magoti, nao wakalipenda jina hilo. Lakini michango yao haikutosha kulipia ghala wala nauli ya muuguzi wa kuwapima presha, ushirika ukatangaza kwamba mwisho wa mwaka ghala hilo atapewa mtu mwingine, ndipo marehemu akaomba ufadhili kwa shirika moja la afya, na mwezi Oktoba 2017 shirika hilo likamtuma ofisa wake aje kuona.

Sasa, bila marehemu kujua, fundi baiskeli mstaafu, ambaye leo amekaa mstari wa pili na anajifanya hanisikii, aliwashauri wenzake kwamba mfadhili hampi fedha mtu anayerukaruka, kwa hiyo ofisa alipofika aliwakuta wazee wote uwanjani mbele ya ghala, vitini, wamejikunja, wameshika fimbo za kuazima, wanaugua kwa sauti, na fundi mwenyewe amefungwa bendeji kichwani. Ofisa akauliza kwa huzuni kama hayo ndiyo matokeo ya mwaka mzima wa mazoezi, na marehemu akafungua mdomo ili aeleze. Mara mvua ikashuka, kubwa, na kila mzee akanyanyuka, akabeba kiti chake mbio hadi ghalani, fundi akabeba viwili, fimbo zikabaki zinalowa. Marehemu akamgeukia ofisa, akasema, "Mwanangu, wamepona sasa hivi." Kisha akawafuata ndani akawafokea, "Mimi naomba fedha za afya, ninyi mnaomba za ugonjwa?" Ofisa alicheka hadi akashika ukuta, na ufadhili ukatoka.

Mwezi Februari mwaka huu moyo wake ulianza kudhoofika, akalazwa hospitali ya mjini, na ofisa yule alipokuja kumjulia hali alieleza kwa upole kwamba shirika haliwezi kufadhili kikundi kisicho na mwongozaji. Marehemu akaninyooshea kidole mimi, niliyeshika chupa ya chai, nikasema siwezi, nikisimama mbele za watu koo hunikauka, naye akajibu, "Wenzako wamekauka magoti na wanakuja, sembuse koo?" Nikammiminia chai, na siku ya Alhamisi, tarehe 6 Juni 2024, saa nane mchana, akafariki.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake wa zahanati, majirani waliotupikia na kutufagilia ua, ofisa wa shirika, na Kikundi cha Magoti chote.

Jana asubuhi nilikwenda ghalani kuwaambia wazee kwamba hakuna mazoezi, nikawakuta wamejipanga, wananitazama, nikashindwa kulitamka neno hilo, nikasimama mbele yao, nikaanza kuzungusha shingo. Fundi baiskeli akasema, "Mjukuu wetu, magoti kwanza, hiyo shingo inakwenda wapi?" Wakacheka, nami nikacheka, nikafuta macho, nikaanza upya, na magoti.

Bibi, pumzika sasa, sisi tuko ghalani.