Nyumba ya Viganja: Maneno ya Wakazi kwa Mgeni Wao

Mgeni rasmi, viongozi mlioambatana naye, wazee wetu, mabibi na mabwana,

KARIBU

Sisi wakazi wa kijiji hiki tunakupokea kwa mikono miwili. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi leo tuna la kuponywa. Ukiingia utainama, maana mlango ni mfupi. Usione vibaya, hata mahujaji waliinama.

HISTORIA

Nyumba hii ya fito na udongo ilijengwa na babu zetu ili mahujaji waliopita kwa miguu wapate pa kulala. Tuliobahatika kuiona imejaa watu tunaikumbuka bado: moshi wa kuni, maji baridi ya mtungini, vicheko vya bibi zetu wakiwakanda wageni miguu iliyovimba. Tunaitamani raha ile mpaka leo.

Asubuhi ya kuondoka, kila hujaji alikandika udongo mbichi ukutani, akabonyeza kiganja chake. Akirudi salama, alibonyeza cha pili kando yake. Wapo waliobaki na kimoja tu. Baba yake Bibi Mtunza Nyumba, huyu aliyeketi mstari wa mbele, ni mmoja wao.

MAFANIKIO

Paa tumeliezeka upya. Popo tumewahamisha, ingawa wao bado wanakata rufaa.

CHANGAMOTO

Hapa ulimi unakuwa mzito. Tuliposikia unakuja, tuliona haya kukuonyesha nyufa. Ofisi yako ilikuwa imetuletea saruji, na Bibi alikuwa hospitali akitibiwa macho. Tukaupiga lipu ukuta wote wa mbele, tukapaka chokaa, tukapongezana. Fundi wetu akasema, "Sasa hata mgeni ataona tumestaarabika!"

Bibi aliporudi aliupapasa ukuta kuanzia mlangoni hadi pembeni. Akauliza, "Wanangu, baba yangu mmemweka wapi?"



"Kaburi lake silijui," akasema. "Nilikuwa na kile kiganja tu."

Tangu siku hiyo hajaingia ndani. Mvunja nchi ni mwananchi, mgeni rasmi, na wananchi wenyewe ndio sisi.

MAOMBI

Wiki ijayo kuta tatu zilizobaki nazo zimepangiwa lipu. Tunaomba zisiguswe, saruji hiyo ikajenge choo cha shule. Tunaomba pia mtaalamu wa majengo ya kale, maana fundi alijaribu kubandua kipande akaweka nyundo chini. "Lipu inatoka na udongo wake," alisema. Huenda kiganja kile hatutakiona tena.

La mwisho: ratiba inasema sasa ukate utepe. Tunakusihi usiukate. Badala yake utuongoze hadi pale alipoketi Bibi, tumwombe radhi mbele yako. Peke yetu tumeshindwa, kwa sababu kila tukimkaribia hutuitikia salamu vizuri, na kutuuliza watoto hawajambo.

Mungu akulinde njiani, akufikishe kwa wanaokungoja.

Ni sisi,
Wakazi na Kamati ya Nyumba ya Mahujaji